ANOTHEN: MARA YA PILI AU KUTOKA JUU?

Krapf, aliyechapisha Marko kwa Kikamba chetu mwaka 1850, alilikuta neno la Kigiriki anothen kwenye pazia la hekalu (Marko 15:38). Pale halina utata: kutoka juu. Lakini Yohana 3:3, Biblia yetu ya 1952 inasema mara ya pili, kisha mstari wa 31, neno lilelile, kutoka juu! Kweli linabeba yote mawili. Nikodemo alishika "tena" peke yake, akabaki anauliza habari za tumbo la mama. Nasi hapa Machakos humwuliza mtu aliokoka mwaka gani (hata mimi huuliza). Jumapili hii nitakuuliza lile lingine: ulizaliwa kutoka wapi?