Filamu za maisha ya mijini China zisizo na muhuri wa serikali

Nchini China, filamu haiingii katika kumbi za sinema bila kibali cha serikali, ambacho watazamaji hukitambua kwa muhuri wenye picha ya joka. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamekuwepo watengenezaji wa filamu za hali halisi ambao hawakuuomba muhuri huo.

Aghalabu Wu Wenguang hutajwa kuwa mwanzilishi wao. Filamu yake ya mwaka 1990, Liulang Beijing, yaani "Kuzurura Beijing", inawafuata wasanii watano walioishi katika mji mkuu bila ajira ya serikali.

Kamera ndogo za dijitali ziliufungua mlango zaidi. Kati ya mwaka 1999 na 2001, Wang Bing, akiwa na kamera ya kukodi, alirekodi wilaya ya viwanda ya Tiexi mjini Shenyang, wakati karakana za serikali zikifungwa na familia za wafanyakazi zikihamishwa. Filamu iliyotokana na kazi hiyo ina urefu wa zaidi ya saa 9. Mwaka 2003 ilipata tuzo kuu katika tamasha la Yamagata, Japani, ilhali kumbi za sinema za Shenyang kwenyewe hazikuweza kuionesha.

Ou Ning alifuata njia nyingine. Katika filamu yake ya mwaka 2006 kuhusu Mtaa wa Meishi, Beijing, uliobomolewa kupisha upanuzi wa barabara kabla ya Olimpiki ya 2008, alimkabidhi kamera mkazi mmoja mwenye mgahawa, naye akarekodi mwenyewe jinsi alivyopinga kuondolewa.

Filamu hizo zilitazamwa vyuoni, mikahawani na katika matamasha madogo, likiwemo la Songzhuang, makazi ya wasanii nje kidogo ya Beijing. Mwaka 2012 umeme ulikatwa siku ya ufunguzi. Agosti 2014 tamasha lilizuiwa, na polisi wakachukua nyaraka, kompyuta na hazina ya filamu zilizokusanywa kwa miaka mingi. Pigo hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwani mtaa uliokwisha kubomolewa haurekodiwi tena.

Sheria ya filamu iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2017 inakataza pia kupeleka filamu isiyo na kibali katika matamasha ya ng'ambo. Wang Bing ameendelea na kazi. Filamu yake kuhusu vijana washonaji wa mji wa Zhili, iliyoshindanishwa Cannes mwaka 2023, ilitengenezwa na kampuni za Ufaransa, Luxembourg na Uholanzi.