Gereza lisilo na wafungwa: nusu siku Changuu

Wengi mmeniuliza safari ya Unguja ilikuwaje, na wengine mnataka picha tu (nawafahamu). Picha anazo mshkaji mwenye kamera, mkamsumbue yeye. Mimi leo nataka kuandika juu ya kisiwa kimoja, Changuu, ambacho wenye maboti wa Forodhani wanakiita Prison Island. Hilo jina linanikereketa. Na kwa kuwa nasoma historia, na bumu la muhula huu limeishia kule, itabidi mnisikilize.

Utaratibu kwanza, maana kuna watakaotaka kwenda. Tulikuwa sita, tukachanga, tukakodi boti nzima kwa nusu siku. Ukipanda ya kuchangia na wageni wengine unalipa kidogo lakini unatembea kwa saa ya mwenzako. Mkikodi yenu, mkitaka kuukodolea macho ukuta mmoja nusu saa mnaukodolea, nahodha anawasubiri kivulini. Msipatane bei na papasi wa kwanza atakayewashika mkono barabarani. Teremkeni ufukweni, muione boti yenyewe, mhesabu maboya ya kujiokolea, halafu ndo muongee. Sisi tulimpata mzee mmoja mpole, tukamwita Baba Nahodha mpaka mwisho, naye akatuita "wanangu wa bara". Ratiba akaipanga yeye kwa kufuata maji: kisiwani kwanza, kisha maji yakikupwa twende fungu la mchanga la Nakupenda tukaogelee, adhuhuri tuwe tumerudi.

Kutoka Forodhani hadi Changuu ni kama kilomita 5 na nusu hivi, kaskazini magharibi ya Mji Mkongwe. Na hebu tulitazame hilo jina Forodhani kabla boti haijang'oa nanga. Ni mahali pa forodha. Hapo mbele ya mji ndipo mali za majahazi na meli zilipokuwa zikihesabiwa na kutozwa ushuru. Mimi ni mtoto wa Tunduma, jamani. Kwetu kila nyumba ya pili ina mtu anayeishi kwa forodha: huyu wakala, yule anabadilisha kwacha, mwingine anawauzia chai mawakala na madereva. Wenzangu walikuwa wanapiga picha mizinga na majumba, mi najiona niko nyumbani, tofauti ni kwamba malori yao yalikuwa na matanga.

Haya, Changuu. Kijana aliyetutembeza alitupeleka moja kwa moja kwenye jengo la mawe lenye ua katikati, akashusha sauti, akasema: humu ndimo watumwa walimofungwa minyororo. Watalii wa kundi la pili waliokuwa nyuma yetu wakanyamaza kabisa, dada mmoja akafuta machozi. Mimi nikaanza kuhesabu vidole.

Hesabuni na nyie. Sultani Barghash alikubali kufunga masoko ya watumwa kwa mkataba wa Juni 1873. Kisiwa cha Changuu kilinunuliwa mwaka 1893 na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyetoka jeshi la majini, akaunda jeshi la sultani, mwishowe akawa waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar. Gereza likamalizika 1894. Kati ya soko kufungwa na jengo kusimama kuna miaka 21. Kuta zile ni changa mno kwa hadithi zinazobebeshwa.

Sisemi watumwa hawakuwahi kuteswa pale. Habari zinazosimuliwa tangu zamani ni kwamba enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860, kisiwa walipewa Waarabu wawili waliokitumia kuwafungia watumwa wakaidi kabla ya kuwauza au kuwasafirisha. Kwa hiyo ardhi ile iliwaona. Jengo ndilo halikuwaona. Na kuna kichekesho kichungu zaidi ambacho hakuna aliyetusimulia: Mathews alipokuwa anajenga gereza, utumwa wenyewe Zanzibar ulikuwa bado halali kisheria. Soko limefungwa, ndiyo, lakini mtu aliweza kumiliki mtu mpaka 1897.

Mnaweza kuniuliza, wewe wa Songwe hayo yanakuhusu nini? Yananihusu. Watumwa wengi waliofikishwa Unguja kupitia Kilwa walitoka pande za Ziwa Nyasa. Ukanda wetu, kati ya Nyasa na Tanganyika, ulikuwa njia na pia uwanja wa mateka. Na tofauti na wengi, baadhi ya watu wa kwetu waliacha maneno yao. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyefanya kazi nyanda hizi wakati wa Wajerumani, aliandika habari za maisha ya watu waliowahi kutekwa: Narwimba, Chisi, Msatulwa Mwachitete (jina ambalo sikio la mtu wa Momba linalinasa papo hapo). Marcia Wright alikuja kuzichambua katika kitabu chake cha mwaka 1993, kile ambacho mkigombania nakala yake maktaba mtaniua. Humo hamna pango wala mnyororo ukutani. Kuna mwanamke anayepita kutoka bwana mmoja hadi mwingine, anayepiga mahesabu ni nani atamlinda yeye na watoto wake, anayetoroka usiku akijua njia. Ukimpa mtu kama huyo jengo la 1894 ili mgeni alie dakika tano, umemnyang'anya hata ile habari ndogo aliyojitahidi kuiacha.

Sasa gereza lenyewe. Lilikusudiwa kwa wafungwa sugu. Halikumpata hata mmoja! Prison Island haijawahi kuwa na mfungwa wa jela. Kilichokuja pale ni kitu kingine, na hapo ndipo mtoto wa mpakani nilipokaa chini kwenye ngazi nikawaambia wenzangu watangulie kwa kobe.

Palikuwa karantini.

Mji wa Unguja ulikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 1869 hadi 1870 kipindupindu kiliua maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati huo, alikifuatilia nyayo kwa nyayo na kitabu chake kikatoka 1876. Alionyesha kwamba safari ile ugonjwa haukushuka kutoka melini: ulipita bara, katika nchi ya Wamasai, ukateremka na njia za misafara mpaka Pangani, ndipo ukavuka maji. Halafu mwaka 1896 tauni ikalipuka Bombay, na Bombay na Unguja walikuwa kama Tunduma na Nakonde, watu na magunia hayakatiki. Jengo tupu la Mathews likapata kazi.

Fikiria inavyokuwa. Meli au jahazi linafika, mji unauona kabisa, misikiti na nyumba ya sultani hii hapa. Daktari anapanda. Akiwa na wasiwasi, hakuna kushuka mjini. Mnapelekwa kisiwani, nguo na mizigo inasafishwa, mnaangaliwa wiki moja, pengine mbili, kila asubuhi anapimwa kila mtu. Asiyeugua anaendelea na safari. Neno lenyewe karantini lilitokana na siku arobaini walizokuwa wakihesabu watu wa Venice, na kabla yao bandari ya Ragusa ilianza na siku 30 mwaka 1377. Baadaye Changuu ikawa kituo cha kuhudumia makoloni ya Waingereza Afrika Mashariki. Msimu wake ulikuwa Desemba hadi Machi, maana huo ndo wakati kaskazi inaleta vyombo kutoka Asia.

Nikiwa pale kwenye ngazi, mji uko mbele yangu ng'ambo ya maji, nilikumbuka Mei 2020. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, niko nyumbani namsaidia mama kuuza chakula. Tarehe 9 Mei Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 wa korona, na 76 kati yao walikuwa Nakonde, yaani pua na mdomo na sisi. Tarehe 11 mpaka ukafungwa. Siku chache baadaye mizigo ikaanza kupita tena, lakini kwa vipimo na kwa kusubiri. Malori yalisimama mstari usioisha kuelekea Mpemba. Madereva walilala chini ya tela. Mama alikuwa anawapelekea wali kwenye mabakuli yenye vifuniko, analiweka bakuli chini, anarudi nyuma hatua tatu, dereva anashuka analichukua na hela anaiacha pale pale. Dereva mmoja wa Dar, mtu mzima, alikuwa akimwita mama "dada" kila siku kwa sauti ya juu kutoka dirishani, anamuuliza habari za watoto. Siku ya nne akasema, "Dada, mi si mgonjwa, lakini hata mke wangu kwenye simu ananiongelesha kama mgonjwa." Nilikuwa kidato cha tatu na sikulitilia maanani sana.

Pale Changuu nililitilia. Kwa sababu kwenye kisiwa kile hakuna ubao unaotaja hata abiria mmoja wa sitahani. Fundi viatu kutoka Kachi, mama aliyekuwa anamfuata mume Mombasa, baharia wa jahazi kutoka Oman: watu kama hawa ndio waliozijaza zile kuta kweli, mwaka baada ya mwaka, bila kosa lolote isipokuwa kutoka mahali penye ugonjwa. Hawana hata jina la kisiwa. Jina limechukuliwa na wafungwa ambao hawakuwahi kuwepo.

Na hii sasa ndiyo itawachekesha. Msimu wa karantini ukiisha, miezi iliyobaki Wazungu wa mjini walikuwa wanakwenda Changuu kupumzika. Yaani hii nusu siku yetu ya kuogelea na kula matunda tuliyoiona ni ujanja wa maboti ya utalii, ina umri wa kuwa bibi yetu.

Kobe nao, msidhani ni wenyeji. Wanne waliletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, ni wale wakubwa wa Aldabra. Kufikia 1955 walikuwa karibu 200. Wakaanza kuibwa, wakauzwa kwa wapenda wanyama wa ajabu na wengine wakaliwa, mpaka 1996 wakabaki saba. Wa leo wanatunzwa ndani ya uzio, wengine wamepakwa rangi mgongoni kuonyesha miaka yao. Mshkaji wetu wa Songea alimlisha mmoja mchicha huku anamwamkia shikamoo. Hakuitikiwa.

Tulipoondoka Baba Nahodha alitupitisha usawa wa Chapwani, kisiwa cha makaburi. Wamezikwa pale mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani bandarini alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Walikufa watu 38. Königsberg ikaishia Rufiji Julai 1915, mizinga yake ikang'olewa ikasambazwa bara, mmoja ukafika hadi Kigoma na kupandishwa kwenye meli Götzen, ambayo ndiyo Liemba. Na vita hiyo hiyo iliyotoa moshi mbele ya Forodhani ilikuja kupita karibu kabisa na kwetu: mwanzoni mwa Novemba 1918 Lettow-Vorbeck alikuwa anaishambulia Fife, upande wa pili wa mpaka, si mbali na Nakonde. Hilo nitaliandikia siku yake, nisije nikalizamisha hapa.

Nakupenda si kisiwa hasa. Ni mchanga mweupe unaochomoza maji yakikupwa, halafu unapotea. Tulifika wakati ndo kwanza umeanua mgongo. Watu wa pwani wawili kati yetu waliruka kutoka botini kama changu. Mimi nyumbani kwetu kuogelea si mchezo wa watoto, mito yetu ina mamba na Rukwa ina mamba na viboko juu yake, kwa hiyo nilishuka kwa ngazi ya boti kama mwenyekiti wa kijiji. Baba Nahodha akaingia majini na shati lake, akaweka kiganja chini ya mgongo wangu, akasema, "Lala tu mwanangu, chumvi itakubeba." Ikanibeba. Masikio yakiwa ndani ya maji huwasikii wenzako, unasikia mashine za boti za mbali, tik tik tik, kama cherehani.

Tulikaa kama saa moja na nusu. Maji yalipoanza kujaa fungu likawa jembamba, likawa upana wa mkeka, watalii wa boti nyingine wakakusanya miavuli yao mbiombio. Upande mmoja uliona paa za Changuu kwenye miti, upande wa pili mji. Dada mmoja wa kundi letu akamuuliza Baba Nahodha kama wazee wake waliwahi kusimulia habari za karantini. Akasema babu yake alikuwa anapeleka maji ya kunywa kisiwani kwa mashua. Anayashusha gatini, harusiwi kupita hapo. Wa ndani wanakuja kuyachukua akishaondoka.

Picha, nimeshasema, kwa mwenye kamera.