Halaka ya Kemia: Kutoka Rayy hadi Kidato cha Nne



Sisi tuliofanya KCSE katikati ya miaka ya 2000 tunalikumbuka jambo moja ambalo wadogo zetu hawakulipata: mtihani na Ramadhan viliangukiana. Mwaka 2004 mfungo ulianza katikati ya Oktoba na Idi ikawa katikati ya Novemba, na ndani ya siku hizo hizo ndimo zilimokuwa karatasi za kidato cha nne. Mchana ni saumu na joto la Pwani, usiku ni tarawehe, na baada ya tarawehe ni kemia.

Tulikuwa sita. Tunaingia darasani, tunafunga madirisha kwa sababu ya mbu, mmoja anashika chaki. Kanuni yetu ilikuwa hii: swali likisomwa, wa kwanza kulijibu ni yule aliye dhaifu zaidi katika mada hiyo. Akikwama anapokea wa pili, halafu wa tatu. Likitushinda sote sita, linaandikwa pembeni ya ubao, na asubuhi ndilo tunalompelekea mwalimu. Hatukuiga kwa mtu. Tulichoka tu na mambo ya bingwa mmoja kusema na wengine kusinzia.

Nakumbuka usiku wa mashapo meupe. Una maji ya chumvi usiyoijua, unatia sodiamu haidroksaidi, yanatokea mashapo meupe. Unazidisha, yanayeyuka. Basi hapo ni zinki, au aluminiamu, au risasi. Ni ipi? Mwalimu alishatufundisha kwa Kiingereza mara mbili na tukaitikia "yes" mara mbili. Mwenzetu mmoja akasema, "Jamani, fikirieni amonia kama mlinzi wa mlangoni. Ukimzidisha, kati ya hawa watatu anampitisha zinki peke yake. Waliobaki ni wawili, nao watie iodaidi, yule risasi ataona haya ageuke manjano." Tulicheka, na wallahi mpaka leo sijasahau. Kemia ileile, lakini imesemwa kwa Kiswahili na mtu ambaye juzi tu alikuwa haijui.

Miaka kadhaa baadaye nikakutana na habari iliyonifanya nicheke peke yangu. Ibn al-Nadim, mtu wa Baghdad, aliandika kitabu chake cha Fihrist mnamo mwaka 987. Humo anaeleza jinsi Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi alivyokuwa akiketi katika majlisi yake. Wanafunzi wake wako mbele yake, mbele yao wako wanafunzi wa wanafunzi, na mbele ya hao wako wengine tena. Mgonjwa akija anaeleza shida yake kwa safu ya nje kabisa, wale wanaoanza. Wakijua, wanamjibu. Wasipojua, anapitishwa kwa safu ya pili. Wote wakishindwa ndipo al-Razi anapofungua kinywa.

Al-Razi alizaliwa Rayy, mji ulio karibu na Tehran ya leo, mnamo mwaka 865, na akafariki mnamo 925. Wengi wanamjua kwa utabibu, maana aliongoza hospitali Rayy na Baghdad. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa katika kemia. Kitabu chake cha siri, Kitab al-Asrar, alikiandika kwa kuombwa na mwanafunzi wake wa zamani, mtu wa Bukhara. Jina ni la siri lakini ndani yake mambo ni wazi: dawa zimepangwa kwa makundi, vyombo vimetajwa kimoja kimoja, kuanzia mivukuto na koleo mpaka anbiki ya kukenekea, kisha kazi inaelezwa hatua kwa hatua. Mwanafunzi wa maabara angekitambua mara moja.

Katika maabara yetu kilichotutisha kilikuwa pipeti. Kifaa cha mpira cha kuvutia kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Sisi tulivuta kwa mdomo, nasi tumefunga! Mwenzetu mmoja alivuta kwa pupa katika mazoezi, asidi ikamfika ulimini, akatoka mbio kwenda kutema, huku analia kwamba saumu imekwenda. Ustadh alitupa mfano wa kusukutua katika udhu: kisichopita kooni hakifunguzi. Kuanzia siku hiyo tulifundishana kuvuta polepole, jicho liko kwenye alama, mmoja anavuta na mwingine anamtazama.

Sasa hapa vijana wa Kiislamu tuna tabia ya kujisifu. Tukitaja kemia tunamkimbilia Jabir bin Hayyan, tunasema alkali na alkoholi ni maneno ya Kiarabu, basi tumemaliza. Ni kweli: alkali ni al-qali, majivu ya mimea, ndugu yake ni magadi yetu ya Ziwa Magadi yaliyomo ndani ya silabasi, na alkoholi imetoka kwa al-kuhl, wanja huu huu wa dada zetu. Lakini vitabu vinavyobeba jina la Jabir ni vingi mno, na wataalamu wengi wanaona viliandikwa na mikono kadhaa, vingine baada ya zama zake. Tena vina ugonjwa wao. Vyenyewe vinasema kwamba elimu imetawanywa makusudi, kipande hapa na kipande kule, ili asiyestahili asiipate. Mimi nikisoma hayo namkumbuka jamaa mmoja wa bweni letu aliyekuwa akificha karatasi za mitihani ya nyuma chini ya godoro asije mtu akampita namba.

Na elimu ikifichwa, matapeli hupata soko. Katika karne ya 13 al-Jawbari wa Damascus aliandika kitabu kizima cha kuwafichua, na humo kuna kisa cha mtu aliyemwendea Sultan Nur al-Din, aliyeitawala Damascus kuanzia 1154 hadi 1174. Yule mtu alisaga dinari za dhahabu, akachanganya na makaa na vikorokoro vingine, akafinyanga vidonge, akaviuza kwa muuza dawa kwa bei ya kutupa akiviita dawa ya Khurasan. Kisha akajitangaza kuwa bingwa wa kugeuza dhahabu. Sultan akamwita, dawa ikatafutwa sokoni, ikapatikana kwa yule muuza dawa tu, ikatiwa motoni, dhahabu ikatoka! Sultan akampa mali nyingi aende Khurasan kuleta nyingine. Hakurudi.

Usicheke, ndugu msomaji. Siku tatu kabla ya karatasi ya kemia, wawili katika sisi sita hawakuja halakani. Kuna mtu nje ya geti alikuwa akiuza "karatasi yenyewe", na wao walikuwa wametoa nauli zao za kurudi nyumbani Idi. Mambo haya hayakuanza wala kuishia kwetu. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE yalifutwa nchini kwa udanganyifu. Lakini wale walikuwa wenzetu, na mmoja wao ndiye aliyetufundisha habari ya mlinzi wa mlangoni.

Saa tisa usiku, wakati wa daku, huyo alikuja na ile karatasi mkononi. Alitaka tumsaidie swali la tatu. Tukalitazama. Tukatazamana. Lilikuwa swali la mtihani wa zamani, tulilifanya naye wiki iliyotangulia pale pale ubaoni, hata nambari hazikubadilishwa. Aliyeuza alikuwa amebadilisha mwaka tu juu ya ukurasa.

Alikaa kimya muda mrefu, uji ukapoa. Hakuna aliyemsema. Mmoja wetu akafuta ubao, akasoma swali jingine, lile la chumvi na mashapo meupe, akamwekea chaki mkononi. "Anza wewe."

Akaanza. Akakosea amonia.