Nani anapima nguo mlangoni? Historia fupi ya mavazi katika parke za familia



Kuna mabishano moja ambayo inarudi kila likizo kubwa. Mama anapeleka watoto kwenye parke ya michezo, anakuta kijana amevaa tisheti yenye matusi, ama binti amevaa kitambaa kidogo ambacho kinaacha mgongo na tumbo nje. Mama anauliza: "Hapa haiko mahali pa watoto?" Mwengine anajibu: "Jua ni kali, nililipa tike yangu sawa na wewe, angalia watoto wako." Wote wawili wana neno. Lakini wote wawili wanaongea kama vile sheria ya mavazi ilishuka kutoka mbinguni. Haikushuka. Watu njo waliiandika, na walikuwa na sababu zao. Nikiangalia hiyo historia naona kitu kimoja: mara nyingi walinzi wa mlangoni walisema wanapima nguo, kumbe walikuwa wanapima mtu.

Nitakaa hasa Marekani, ju parke kubwa za familia zilikomalia kule, na habari zao zinajulikana vizuri. Kisha nitapita kidogo kwetu.

1. Wakati kuinua jipe ilikuwa mchezo

Mwaka 1897 bwana George C. Tilyou alifungua Steeplechase Park kule Coney Island, kwenye pwani ya New York. Wafanyakazi wa mji walifika kwa maelfu siku za mapumziko. Mchezo uliopendwa sana ulikuwa farasi za mashine zilizoshindana mbio juu ya reli. Kuingia ilikuwa raha, kutoka ilikuwa mtego. Wale walioshuka farasi walipitishwa kwenye jukwaa dogo, na hapo upepo ulipulizwa kwa nguvu toka chini ya sakafu: kofia za wanaume zinaruka, jipe za wanawake zinainuka. Mchekeshaji alikuwa pale na fimbo ya umeme, anawachoma wanaume ili waruke. Wale waliokwisha kupita waliketi kwenye viti mbele ya jukwaa na kuwacheka wanaofuata.

Tukumbuke zamani zile. Mwanamke wa heshima alivaa jipe iliyofika chini karibu na kiatu. Barabarani, kuonyesha mguu ilikuwa aibu. Ndani ya parke, mguu ule ule ukawa mchezo wa kulipia. Nguo ni ile ile, mtu ni yule yule, mahali tu njo pamebadilika. Na tuone pia nani alilipa bei ya kicheko: ni mwenye jipe.

Wakati huohuo, kwengine serikali ilifanya kinyume chake. Mwaka 1922, kwenye ufuko wa Tidal Basin mjini Washington, mlinzi alipita na kamba ya kupimia, anapiga magoti mbele ya wasichana na kupima nguo zao za kuogelea. Haikuruhusiwa kupita inchi 6 juu ya goti, yaani sentimita 15 hivi. Foto zake zingali zinazunguka mpaka leo. Pale mmoja anainua jipe kwa upepo, hapa mwengine anaipima kwa kamba. Katika hizo mbili, mwanamke hakuulizwa kitu.

2. Walt Disney na ndoto ya usafi

Walt Disney hakupenda parke za namna ya Coney Island. Aliziona chafu, zenye kelele, na mzazi hana la kufanya ila kukaa kwenye benchi akingoja watoto. Alitaka mahali ambapo baba, mama na watoto wanacheza pamoja. Alitembelea Tivoli, bustani ya Copenhagen iliyofunguliwa mwaka 1843, akapenda usafi na maua yake. Tarehe 17 Julai 1955 akafungua Disneyland kule Anaheim, California, mahali palipokuwa mashamba ya machungwa.

Tazama foto za miaka ile: wababa wengi wamevaa koti na kravati, wamama gauni, wengine hata na mifuko ya mikono. Watu walivaa vile wanavyovaa kwenda kanisani. Siku ya ufunguzi joto lilikuwa kali na lami ilikuwa bado mbichi, viatu vya wamama vyenye visigino virefu vikazama ndani yake. Bei ya heshima, tuseme.

Lakini jambo hili litashangaza wengi: mwaka ule wa kwanza, kwenye barabara kuu ya Disneyland, kulikuwa duka la kuuza nguo za ndani za wanawake. Ndiyo, sidiria na makorseti, ndani ya parke ya familia! Duka halikudumu hata mwaka moja. Basi hata mwenye parke mwenyewe hakuanza akijua mpaka uko wapi. Aliutafuta kidogo kidogo, sawa na sisi wengine.

Kwa wafanyakazi, mpaka ulikuwa mkali zaidi. Kwa miaka mingi mwanaume hakuruhusiwa kufuga ndevu wala masharubu akifanya kazi pale. Walt mwenyewe, wote tunajua, alikuwa na masharubu. Sheria ya masharubu ililegezwa mwaka 2000, na ya ndevu mwaka 2012.

3. Familia gani?

Hapa lazima tusimame kidogo, ju neno "familia" si neno jepesi. Miaka hiyohiyo ya 1950, parke nyingi za Marekani zilikuwa zimefungwa kabisa kwa watu weusi. Wangevaa nguo za Jumapili, wangepiga pasi na kung'arisha viatu, mlango haungefunguka. Martin Luther King, katika barua yake toka gereza la Birmingham mwaka 1963, alieleza uchungu wa mzazi ambaye mtoto wake wa miaka 6 ameona matangazo ya parke ya Funtown kwenye televisheni, na sasa lazima amwambie kwamba parke hiyo haikubali watoto weusi.

Walioanza kuvunja ukuta huo karibu na Washington walikuwa wanafunzi, wasomi kama sisi. Mwezi wa sita 1960, wanafunzi wa chuo kikuu cha Howard na wenzao waliingia parke ya Glen Echo, jimbo la Maryland, na kukaa kwenye farasi za mbao zinazozunguka. Watano walikamatwa. Wakaazi wa karibu, wazungu kwa weusi, wakaungana nao kuandamana nje ya lango wakati wote wa kiangazi. Mwaka 1961 parke ikafungua milango kwa wote, na mwaka 1964 mahakama kuu ya Marekani ikafuta hukumu ya wale watano.

Kwa hiyo mtu akisema "zamani watu walivaa vizuri kwenye parke", tumuulize: watu gani? Ile heshima ya kwenye foto ilikuwa na walinzi mlangoni, na wengine hawakupewa hata nafasi ya kupigwa foto.

4. Nywele zinazotisha

Miaka ya 1960 Disneyland ilikuwa inarudisha wanaume wenye nywele ndefu. Nywele, ndugu zangu, hazina matusi wala haziko uchi. Lakini ilikuwa zamani za vita vya Vietnam, na nywele ndefu zilisomwa kama tangazo: huyu anapinga vita, huyu anapinga wazazi.

Tarehe 6 Agosti 1970, siku ya kukumbuka miaka 25 ya bomu la Hiroshima, vijana karibu 300 wa kikundi kilichoitwa Yippies waliingia Disneyland. Waliimba, waliandamana kwenye barabara kuu, wakateka kile kisiwa cha Tom Sawyer. Wageni wengine waliwakasirikia, matusi na ngumi zikaanza. Polisi wenye kofia za chuma wakaingia, na parke ikafungwa saa nyingi kabla ya wakati. Kiisha pale walinzi wakakaza tena ile sheria ya nywele kwa muda.

Sitetei kila kitu walichofanya. Wazazi waliolipa tike na kuletea watoto furaha walipoteza siku yao. Lakini tazama dawa iliyotolewa: fujo ilifanywa na watu 300, malipo yakatozwa nywele za kila mtu. Na nywele zikashinda. Leo mwanaume mwenye nywele mpaka mabegani anapita kwenye mlango huohuo, hakuna anayegeuza kichwa.

5. Kwetu tulijua hiyo shule

Tusicheke sana Wamarekani. Miaka ileile ya mwanzo wa 1970, wakati California inaogopa nywele, Kinshasa ilikuwa inaogopa kravati. Siasa ya Mobutu ya "authenticité" ilitoa koti na kravati shingoni mwa wababa, ikaleta abakosti. Wamama waliambiwa kikwembe njo vazi la heshima, na pantalo, jipe fupi na wigi vikakatazwa. Walioishi zamani zile watueleze kwenye maoni: kuna aliyerudishwa njiani ju ya pantalo? Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kravati ikaruhusiwa. Kile kitambaa chembamba kilikuwa kosa kwa miaka karibu 20, kesho yake kikarudi kuwa nguo tu.

Kule walikataa nywele ju hazifanani na Marekani waliyoitaka. Hapa walikataa kravati ju ilifanana mno na Ulaya. Nguo ni tofauti, mlinzi ni yule yule.

6. Lakini sheria zingine zina maana

Nisieleweke vibaya. Haiko kila sheria ya mavazi ni uonevu. Tarehe 30 Agosti 2011, kwenye parke ya Playland, mji wa Rye karibu na New York, Waislamu wengi walikuja kusherehekea Idi. Wanawake waliovaa hijabu waliambiwa hawawezi kupanda mashine fulani ju kitambaa cha kichwa kinaweza kuruka ama kunaswa. Ugomvi ukazuka, watu 15 wakakamatwa.

Sababu ya parke ilikuwa ya usalama, na sheria ilihusu vitu vyote vya kuvaa kichwani, hata kofia. Parke ilisema iliwajulisha waandaaji mapema. Lakini wengi waliofika hawakuwa na habari. Walilipa, walipanga mstari, kisha wakaambiwa mbele ya watoto wao kwamba kile wanachovaa kwa imani ni hatari. Sheria nzuri, ikifika kwa mtu imechelewa, inafanana kabisa na dharau.

7. Leo: tuko wapi?

Leo parke za Disney zimeandika sheria zao wazi. Viatu na shati ni lazima. Wanakataa nguo zenye maneno ama picha za matusi, nguo zilizopasuka mno, na nguo zinazoacha mwili wazi kupita kiasi. Mwenye miaka 14 na zaidi haruhusiwi kuvaa kama Sinderela ama shujaa wa sinema siku za kawaida, ju mtoto anaweza kumfikiria ni mfanyakazi wa parke. Hiyo ya mwisho mimi naikubali kabisa: sababu inaonekana na inalinda mtoto.

Shida iko kwenye "kupita kiasi". Kiasi cha nani? Mwaka 2021 video zilizunguka kwenye TikTok: wasichana waliosimamishwa kwa nguo fupi wakapewa tisheti ya bure ya parke, na wengine wakaanza kuvaa vile makusudi ili wapate tisheti. Wengi walicheka, wengine wakakasirika kwa niaba ya watoto wao. Chini ya kicheko kulikuwa lalamiko la kweli: nguo moja, ikivaliwa na binti mwembamba inapita, ikivaliwa na mwenye mwili mkubwa anasimamishwa. Neno "kupita kiasi" linamwachia mlinzi kazi ya kuamua kwa jicho lake, na jicho la mtu lina mapendeleo yake.

Tumalize

Mimi sisemi parke iache kila mtu aingie anavyotaka. Mzazi ana haki ya kupeleka mtoto mahali ambapo hatasoma matusi kwenye kifua cha mtu. Lakini historia inatufundisha kuuliza maswali matatu kabla ya kupiga kelele "aibu!" Moja: hiyo nguo inaleta hatari ama matusi ya kweli, ama inatuudhi tu? Mbili: sheria ilionyeshwa kabla ya mtu kulipa, ama anaisikia mlangoni mbele ya watoto wake? Tatu: inamhusu kila mtu, mwembamba na mnene, mgeni na mwenyeji, mwanaume na mwanamke, ama daima inaangukia wale wale?

Sheria ikipita hayo matatu, tuiheshimu, na tufundishe wadogo wetu kuiheshimu. Ikishindwa hata moja, basi tujue kwamba pale mlangoni kuna mtu anapimwa.

Parke, mapisini na mabustani ya familia yanaongezeka katika miji yetu pia, na sheria zake zingine wataziandika wasomi wanaosoma hapa. Ninyi mnasemaje? Andikeni bila kutukanana.