Mtoto njiti kwenye dripu: Fahamu kuhusu madini anayopewa

Kutoka Kariakoo hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, si mbali. Ndugu anayepeleka uji wa mzazi anaweza kumkuta kichanga bado yuko kwenye dripu. Je, ndani yake kuna nini?

Siyo kila dripu ni chakula
Dripu nyingi ni maji, sukari na chumvi tu. Lishe kamili ya mshipani ina protini, mafuta, vitamini na madini. Hutumika pale tumbo la mtoto mgonjwa haliwezi kupokea maziwa ya kutosha.

Kwa nini madini?
Akiba kubwa ya madini mtoto huipata kwa mama miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Njiti huzaliwa kabla akiba haijajaa. Akikosa zinki, uzito haupandi na ngozi huharibika mdomoni na makalioni. Shaba husaidia damu na mifupa, seleniamu hulinda seli.

Kipimo ni kidogo mno
Miongozo ya Ulaya ya 2018 inampa njiti mikrogramu 400 hadi 500 za zinki kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa njiti wa kilo moja, hiyo haizidi nusu miligramu.

Hatari iko wapi?
Chakula kikipita tumboni, utumbo huchuja madini yanayoingia. Dripu haina mlinzi huyo, kila kitu kinaingia kwenye damu moja kwa moja.

Manganizi hutolewa mwilini kupitia nyongo. Ini likisumbua na nyongo isipotoka vizuri, hujikusanya kwenye ubongo. Ndiyo maana miongozo hiyo haitaki izidi mikrogramu 1 kwa kilo kwa siku.

Kuna pia alumini, ambayo haiwekwi makusudi. Huingia kama uchafu, hasa kupitia dawa ya kalsiamu iliyohifadhiwa kwenye chupa za kioo. Utafiti wa Uingereza wa 1997 uliihusisha na ukuaji duni wa akili kwa njiti.

Mzazi afanye nini?
• Uliza: hii ni dripu ya maji au ya lishe? Maziwa yataanza lini?
• Ukiona macho ya mtoto ni ya njano au kinyesi kimekuwa cheupe, mwambie nesi mara moja.
• Usinunue matone ya madini duka la dawa na kumpa mtoto kimyakimya. Yataongezeka juu ya yale ya kwenye dripu.
• Mama aendelee kukamua maziwa. Tumbo likiwa tayari, hayo ndiyo yatakayomtoa mtoto kwenye dripu.