Land Cruiser 1HZ na Defender 300Tdi: gani inafaa barabara ya mawe?

Ku Munigi, barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma kwenda Rutshuru inapita juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ilishuka upande huu mwaka 2002, kisha tena tarehe 22/5/2021. Mutu anayetafuta jeep ya zamani ya kubeba watu ao muzigo anajiuliza mara nyingi: Toyota ao Land Rover? Akikosea, akiba ya familia inaishia ku garaji.

Moteri
Land Cruiser 70 ilitoka mwaka 1984. Moteri yake 1HZ, ya tangu 1990, inatumia mazutu. Iko na silinda 6, lita 4.2, bila turbo. Inatoa nguvu za farasi karibu 130, na nguvu ya kuvuta Nm 285.

Defender 300Tdi, ya miaka 1994 mpaka 1998, nayo ni ya mazutu: silinda 4, lita 2.5, na turbo. Iko na farasi 111 na Nm 265.

Ni kusema moteri ndogo inavuta karibu sawa na ile kubwa. Tena Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi. Moteri bila turbo inapoteza nguvu. Turbo inasukuma hewa ndani. Lakini kichwa cha moteri ya Defender ni cha alumini. Maji ya radiateri yakiisha, joto linakipinda.

Resori
Defender iko na resori za kuzunguka mbele na nyuma, kama ile ya ndani ya bik. Inatembea laini ku mawe, na magurudumu yote 4 yanavuta kila wakati. Land Cruiser iko nyuma na resori za vyuma bapa vilivyopangwa juu kwa juu. Inarusha watu, lakini inavumilia muzigo muzito. Magurudumu ya mbele, shofere njo anayafungia wakati wa matope.

Piesi
Defender ya zamani iliacha kutengenezwa tarehe 29/1/2016. Land Cruiser 70 ingali inatengenezwa, na mashirika mengi ya misaada yanaitumia, kwa hiyo mafundi wengi wanaijua.

Mbele ya kulipa
- Zote mbili ziko na mukanda ndani ya moteri. Ukikatika, moteri inaharibika. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu bei ya mupya.
- Bodi ya Defender ni alumini, lakini shasi ni chuma. Lala chini, angalia kutu.
- Washa moteri ikiwa baridi. Ukikuta imekwisha kupashwa moto, rudi kesho.
- Defender ya kisha 1998 inaweza kuwa Td5, yenye kompyuta. Hiyo ni moteri ingine.

Kwa muzigo mwingi mbali na garaji, Land Cruiser njo ya kutegemea. Defender inafaa mutu mwenye fundi anayeijua na anayechunga maji kila asubui.