"Highbrow": neno la paji la uso

Neno la Kiingereza "highbrow" hutamkwa haibrau, na ukilichukua jinsi lilivyo ni paji la uso lililopanda juu. Katika karne ya 19 wengi Ulaya na Marekani waliamini kwamba akili ya mtu huonekana kwa umbo la kichwa, na kwamba mwenye paji refu ndiye mwerevu. Sayansi ilikwisha kuikataa imani hiyo, lakini neno likabaki. Leo huitwa hivyo mtu apendaye vitabu vizito, muziki na sanaa ya kutaka elimu, na hata vitu vyenyewe. Kinyume chake ni "lowbrow". Miaka ya 1920 Waingereza wakaongeza "middlebrow", yule wa katikati.

Wengine hulitumia kwa maana ya tajiri. Sivyo. Mwenye jumba la kifahari Vipingo hawi "highbrow" kwa jumba lake. Wala si sifa kila mara; mdomoni mwa mwenye kubeza, ni "mjuaji" yetu hasa. Ukiitwa hivyo, sikiliza sauti kabla ya kushukuru.

Kwetu pwani neno hili hupata taabu. Mtazame marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab aliyefariki 2014. Nyimbo zake nyingi zilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka 1971. Ni mashairi ya vina na mizani, yamejaa mafumbo, na wasomi wa vyuo vikuu huyachambua. Bhalo akayaimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, mbele ya maharusi, wavuvi, wapishi, na mabibi wasioingia darasani hata siku moja. Na mabibi hao (waulize wa Shela ya Malindi) ndio waliolijua fumbo limefumbwa wapi na kijembe kimemchoma nani.

Kwa kipimo cha Mwingereza, maneno yangepandishwa juu na mahadhi yakashushwa chini. Wimbo mmoja ukatwe vipande viwili.

Siku hizi nawasikia vijana wetu waliosoma wakisema taarab ni "lowbrow", muziki wa arusi tu. Kijana kama huyo mimi simbishii. Namchagulia ubeti mmoja wa Bhalo, kisha namuomba anifasirie.